Kuku wa Kiwalani ni wa Nani?

Apitaye mitaa ya Kiwalani, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, haoni shamba. Nyumba zimebanana, na pale palipobaki nafasi ya kuanika nguo huenda pamejengwa banda la mbao na wavu. Ndani yake, juu ya maranda, wamo kuku weupe mia mbili au mia tatu. Mwenye banda hilo tumezoea kumwita mfugaji mdogo. Kwa maoni yangu jina hilo linatupoteza, nasi walimu hatuna budi kulifikiria upya.

Mfugaji mdogo wa kijijini ni bwana wa kazi yake, ingawa ni maskini. Tetea wake hutaga, huatamia siku 21, kisha hutoka na vifaranga. Chakula chao ni wadudu, makombo na punje zilizomwagika kinuni. Mgeni akifika, jogoo huchinjwa. Asipofika, jogoo huendelea kuwika bila gharama. Adui mkubwa ni mdondo, ambao waweza kufagia kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Dhidi ya ugonjwa huo tumepiga hatua: chanjo ya I-2, yenye kustahimili joto, imekuwa ikitengenezwa hapa nchini, Kibaha.

Kuku wa Kiwalani hana mama mtaani. Amenunuliwa akiwa na umri wa siku moja, na uzito wa gramu 40 hivi. Yeye ni zao la kupandanisha koo kadhaa zilizochaguliwa kwa miaka mingi, na koo hizo ni siri ya wenyewe. Majina mawili yatajwayo sana duniani ni Cobb na Ross. La kwanza ni la kampuni ya Cobb-Vantress ya Marekani; la pili ni la Aviagen, iliyo chini ya kundi la EW la Ujerumani. Mwanafunzi aliyesoma kanuni za Mendel ataelewa mara moja kwa nini mfugaji hawezi kujipatia mbegu yake kwa kupandanisha kuku wa bandani: sifa zilizokusanywa kwa ustadi zitatawanyika katika kizazi kifuatacho. Basi kila awamu ni lazima arudi dukani.

Utegemezi huu si jambo la kubuni. Mwaka 2006 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kuku na vifaranga kwa hofu ya mafua ya ndege. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilikamatwa Namanga na kuteketezwa. Watu wengi walibishana juu ya ukatili wa kitendo kile. Mimi nilijiuliza swali jingine: ni uhitaji gani unaomfanya mtu avushe vifaranga mpakani kwa kificho?

Lakini jambo lililo zito kuliko yote, nalo halizungumzwi, ni wakati. Kuku huyu hufikia kilo mbili au karibu yake kwa wiki tano au sita. Katika umri huo hula gramu 170 hivi kwa siku. Zidisha kwa kuku 300: ni kilo 51, yaani zaidi ya mfuko mmoja wa kilo 50 kila kukicha. Chakula hicho ni mahindi, mashudu ya alizeti, soya na dagaa, vitu ambavyo baadhi yake binadamu naye anavigombania. Mchuuzi apelekaye kuku Kisutu au Shekilango anaijua hesabu hii vizuri. Akifika Kiwalani siku ya 38, hana haja ya kubembeleza; akisema atarudi Jumatatu, mifuko mitatu imekwisha kuliwa. Ndiyo maana bei huwa yake.

Hivyo mwenye banda ameachiwa kazi ya mikono na hasara, huku mbegu, chakula na bei vikiamuliwa na wengine. Wapo watakaosema kwamba bila kuku huyu jiji lililokuwa na watu 843,090 mwaka 1978, na 5,383,728 mwaka 2022, lisingepata nyama. Ni kweli, wala simwombei tetea wa kijijini alishe Dar es Salaam. Ninachopinga ni semina za kuwaambia vijana kuwa kuku ni utajiri wa haraka, bila kuwaonyesha nani ameshika nini.

Wafugaji wa mtaa mmoja wangeweza kununua chakula pamoja, kupishanisha siku za kuingiza vifaranga, na kukodi jokofu kubwa ili kuku aliyekomaa achinjwe na kusubiri bei akiwa haili. Katika hayo, jokofu ndilo ningelianza. Na shule iliyo jirani yao yaweza kufanya kazi moja rahisi: wanafunzi wa kidato cha pili wapewe mizani na daftari, wapime kuku kumi wa banda moja na chakula chao kila siku, tangu siku ya 28 hadi ya 42, kisha wachore mistari miwili kwenye karatasi ya grafu, mmoja wa gharama na mwingine wa thamani ya nyama. Mahali mistari hiyo inapokutana, mwenye banda aitwe aje aone.