Sweta Haijaisha Ukikata Uzi

Baridi ya Juni ikipiga Njombe, kila mwenye sindano mbili na donge la uzi anafuma sweta ya mtoto, na kila mfumaji ana lake la kusema juu ya kumalizia. Mengine niliwahi kuyasema mwenyewe, kwa hiyo nayajibu bila haya.

"Ukifunga kitanzi cha mwisho, umemaliza." Bado. Ikitoka kwenye sindano, sweta ina vitanzi vikubwa na vidogo, na kingo zimejikunja. Inabaki kuilaza: uiloweshe, uikamue, uitandaze juu ya taulo, uinyooshe ukiwa na futi mkononi, kisha uiache ikauke hapo hapo. Huko Shetland, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, fulana mbichi zilivikwa kwenye fremu ya mbao yenye mikono, na shali nyembamba zikawambwa hadi zikauke. Wale walikuwa wanauza. Wasingepoteza siku nzima kwa urembo mtupu.

"Sufu ikiguswa na maji husinyaa." Kinachoisinyaza ni mkono wako. Unywele wa sufu una magamba. Ukichanganya maji ya moto, sabuni na kufikicha, magamba hushikana yasiachiane tena. Maji ya vuguvugu yaliyotulia hayana neno. Kondoo mwenyewe hunyeshewa na mvua akabaki na saizi yake! Tena sufu ikilowa hulegea, ikikauka hushika umbo uliloipa, na ndiyo faida ya kuilaza. Usiisokote tu. Iviringishe ndani ya taulo, ukanyage.

"Itundike kambani, jua litamaliza." Litamaliza kweli. Uzito wote wa maji utaning'inia mabegani, na mikono ishuke hadi magotini.

"Piga pasi, yaishe." Hapa ndipo nilipoungua. Uzi mwingi wa madukani kwetu si sufu, ni akriliki, jamaa wa plastiki. Mwaka mmoja nilikandamiza pasi ya mkaa kwenye pindo la kiuno, lile linalovutika. Likanyooka vizuri, likang'aa, kisha likalegea kama mlenda. Mvutano wake haukurudi tena. Akriliki iloweshe na kuitandaza. Ukilazimika kutumia mvuke, pitisha pasi juu juu, isiguse uzi. Haitashika umbo kama sufu, lakini itatulia.

"Ikiwa ndogo, utaivuta wakati wa kuilaza." Sentimita moja au mbili, sawa. Zaidi ya hapo unajidanganya, maana ikifuliwa inarudi ilikotoka. Saizi hutafutwa mwanzoni: fuma kipande cha sm 10 kwa 10 au zaidi kidogo, kifue, kilaze, ndipo uhesabu vitanzi. Wengi huhesabu kabla ya kufua, halafu lawama zote kwa muuza uzi.

"Piga fundo, kata." Fundo likikosa kufumuka, litamkwaruza mtoto shingoni. Acha mkia wa sm 15, uupenyeze nyuma ya vitanzi kwa sindano butu, uende na kurudi. Kuukata, subiri sweta ilazwe na kukauka, kwani ikinyooshwa mkia hujivuta ndani.

Kwa baridi yetu, sweta nene huweza kukaa siku mbili au tatu bila kukauka. Mwenye ubatizo Jumapili, afunge kitanzi cha mwisho Jumatano.