Kubadilisha Si Kutengeneza

Leo nimekasirika, kwa hivyo mtanivumilia. Kuna tabia moja inayotumaliza hapa kwetu na nitaisema bila kuzungukazunguka: kitu kikiharibika tunabadilisha kwanza, tunafikiri baadaye. Halafu eti tunaita hiyo "kutengeneza". Hiyo ni bahati nasibu jamani, na tiketi analipia mwenye gari.

Kisa ni hiki. Mjomba wangu ana lori la kubeba kabichi na viazi kutoka Molo hadi soko la Wakulima, Nairobi. Lori hilo ndilo shamba lake, ndilo benki yake, na mkopo wake haujaisha. Juzi taa ya chaji kwenye dashibodi ikaanza kuwaka usiku, kila akiwasha taa kubwa. Alipofika Gilgil akatafuta fundi. Fundi akaitazama ile taa, akasema alteneta imekufa. Hakupima chochote. Mjomba akatoa Sh 18,000, alteneta nyingine ikafungwa, akaingia ndani, akazungusha ufunguo.

Kimya. Hakuna taa, hakuna honi, hata ule mlio wa "tik" wa starta haukusikika. Lori lililofika pale kwa nguvu zake sasa lilikuwa mzoga.

"Mzee, betri ndizo zimekwisha," fundi akasema. Betri mbili mpya, Sh 30,000. Kimya vilevile. "Basi ni starta." Hapo ndipo mjomba aliponipigia simu. "Kijana wangu, wewe si ulisomea kompyuta? Njoo uangalie hili gari kabla sijauza ng'ombe."

Mimi huandika programu, si fundi wa magari. Nilibeba vitu viwili tu: mita yangu ya dijiti, na balbu ya gari ya volti 24, wati 21, yenye nyaya mbili ndefu. Nilipofika, kabichi zilikuwa zimelala siku mbili chini ya turubai na zilianza kunuka.

Nikaanza na betri. Lori hili linatumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, na zikijaa lazima usome 25 na kitu. Mpya zilisoma 25.4. Zile za zamani, zilizokuwa zimetupwa kando, zilisoma 24.9. Zilikuwa nzima! Sh 30,000 zimekwenda hivyo.

Kisha nikaunganisha balbu kati ya chanya ya betri na chuma cha injini. Ikawaka vizuri, kwa hivyo ethi haina tatizo. Nikaenda kwenye sanduku la fyuzi ndani ya kebini: balbu haikuwaka hata kidogo. Basi umeme unapotea mahali fulani kati ya betri na kebini. Nikagawa njia hiyo katikati, pale penye fyuzi kuu karibu na betri. Upande mmoja balbu iliwaka, upande wa pili giza. Fyuzi kuu imeungua. Dakika 20, bila kununua chochote.

Kwa nini balbu na si mita peke yake? Kwa sababu mita ya dijiti haivuti mkondo wa maana. Waya uliooza vibaya bado unaweza kukuonyesha volti 25, nawe utaapa kwamba ni mzima. Balbu ya wati 21 huvuta karibu ampea 1, na waya mbovu huumbuka hapo hapo.

Sasa fyuzi iliungua vipi? Nikamuuliza fundi, "Ulitoa waya wa hasi wa betri kabla ya kufungua alteneta?" Akaangalia viatu vyake. Ule waya mnene nyuma ya alteneta una umeme wa betri saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikigusa waya huo na injini kwa pamoja, ni shoti. Spana yake bado ilikuwa na alama ya kuungua. Na starta ilinyamaza si kwa sababu imekufa: waya wake mkubwa hutoka moja kwa moja kwenye betri, lakini amri ya kuzunguka hupitia kwenye ufunguo, na ufunguo hupata umeme baada ya fyuzi ile.

Mtu mmoja aliyekuwa akitazama akashauri tufunge waya mnene mahali pa fyuzi, "mambo yaishe". Ndiyo, yataisha, pamoja na lori, kwa moto. Kwanza niliweka balbu mahali pa fyuzi, ufunguo ukiwa umezimwa. Kama shoti ingekuwa bado ipo, balbu ingewaka kwa nguvu zote. Haikuwaka. Tukaweka fyuzi mpya ya Sh 400. Injini ikanguruma, na kwenye betri nikasoma volti 28.1.

Lakini ngojeni, bado. Nilichukua alteneta ya zamani nikaipeleka kwa fundi mwingine mwenye meza ya kupimia. Ikatoa volti 28 bila shida. Yaani haikuwa imekufa! Mkanda ulikuwa umelegea, ukiteleza kila taa kubwa zikiongeza mzigo. Fundi wa kwanza alipofunga alteneta mpya aliukaza mkanda, kama kawaida. Aliponya ugonjwa bila kujua, akaua mgonjwa kwa spana, kisha akadai malipo ya dawa.

Najua mtaniambia fundi mwenye uzoefu hahitaji mita, anasikia kwa masikio. Uzoefu nauheshimu sana. Uzoefu hukuambia uanze kupima wapi, haukuambii usipime. Georg Ohm alichapisha kanuni yake mwaka 1827, na hakuna kipuri kipya kinachoweza kuibatilisha.

Na wenzangu wa kompyuta, msicheke. Sisi seva ikigoma tunaizima na kuiwasha, ikigoma tena tunafuta programu na kuiweka upya, na logi ziko pale hazijasomwa hata mstari mmoja. Chuoni tulifundishwa kutafuta kwa kugawa nusu: sehemu 16 zinazoshukiwa, hatua 4 tu unampata mwizi. Tulifaulu mtihani, tukasahau somo. Tofauti yetu na yule fundi wa Gilgil ni kwamba sisi tuna viyoyozi.

Lakini mkosaji mkubwa ni mwenye gari, na namweka mjomba humo. Fundi akitumia saa nzima kupima kisha akaweka fyuzi ya Sh 400, tunamlipa Sh 200 na kunung'unika kwamba "hakufanya kitu". Akibadilisha alteneta tunahesabu noti bila kupepesa macho. Tunalipia chuma, hatulipii akili. Basi tusishangae tukiuziwa chuma.

Kwa hivyo kuanzia leo, kabla hujatoa shilingi ya kipuri, muulize fundi maswali mawili: "Umepima wapi? Umepata ngapi?" Akijibu kwa namba, mlipe kwa hiyo saa yake, hata kama hakubadilisha kitu. Akikujibu "mimi najua tu", chukua ufunguo wako uondoke.

Mjomba alimwaga kabichi zote. Zile betri za zamani bado anazo, na zinafanya kazi.