Mhunzi wa Kilangali ahesabu mkaa kabla ya kutaja bei

Mpunga ukishaiva Kilangali haumsubiri mtu. Ndege wanashuka, punje zinaanza kupukutika, na kila kaya inayovuna kwa mikono inatafuta mundu katika siku zile zile. Hapo ndipo hujulikana mundu ulionunuliwa gulioni kwa bei nafuu ni wa chuma gani. Ukiwa butu, mvunaji huvuta na kutikisa shina badala ya kulikata, na kila mtikiso unaacha punje matopeni. Hasara hiyo haiandikwi popote, lakini mkulima ndiye anayeibeba.

Zamani kulikuwa na Kiwanda cha Zana za Kilimo Ubungo (UFI), kilichojengwa kwa msaada wa China, na baadaye kile cha Mbeya (ZZK). Viwanda hivyo vilipoyumba, maduka yalijaa zana kutoka nje, nzuri na mbovu kwa pamoja, na mnunuzi hana njia ya kuzitofautisha mpaka afike shambani. Pengo hilo ndilo linalowapa nafasi mafundi wanaofua chuma nyuma ya nyumba zao jioni, baada ya kutoka shamba. Wengine walianza kwa kujifurahisha tu, kisu kimoja cha jikoni, kisha jirani akaomba cha kwake. Swali ambalo wengi wao hawajajiuliza ni kama kazi hiyo inalipa.

Uhunzi si kitu kigeni nchini. Buhaya walikuwa wakiyeyusha chuma takriban miaka 2,000 iliyopita, Ufipa kulikuwa na matanuru marefu ya udongo yaliyoitwa malungu, na katika makabila mengi jembe lilikuwa sehemu ya mahari. Tofauti ni kwamba mhunzi wa kale alianza na mawe yenye madini. Wa leo anaanza na chuma kilichokwisha kutengenezwa kiwandani, tena kizuri. Springi bapa za malori zina kaboni ya takriban asilimia 0.6, kiwango kinachotosha kabisa kwa panga au kisu. Na malori hayakosekani: barabara kuu ya kwenda Zambia inapita Mikumi, katika wilaya hii hii ya Kilosa, na springi zilizovunjika hulala gereji hadi mnunuzi wa chuma chakavu azipime kwa kilo.

Wanaoanza hukosea hapa. Hushika nondo kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Nondo za kawaida za ujenzi zina kaboni kidogo. Hufulika vizuri, hunolewa vizuri, kisha makali yake hulala siku ile ile. Wengine hutamani vyuma vya reli, kwa kuwa reli ya kati inapita Kilosa. Kung'oa kifungio au taruma ni kuhujumu miundombinu, na adhabu yake ni ya mahakamani. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki nayo yasitiwe motoni. Moshi wake mweupe humwachia fundi homa na kifua kizito.

Chuma kizuri peke yake hakitoshi. Kazi inayotofautisha kisu cha fundi na kipande cha bati ni kutia maji. Chuma hupashwa moto mpaka kiwe chekundu kama embe bivu, na sumaku isikishike tena, jambo linalotokea karibu na nyuzi joto 770. Kipashwe zaidi kidogo tu, kisha kizamishwe mara moja. Kwa springi, mafuta ni salama kuliko maji, kwa kuwa maji hupoza haraka mno na makali yanaweza kupasuka. Kikitoka hapo ni kigumu lakini ni chepesi kuvunjika kama kigae. Hivyo hupashwa tena, polepole, huku fundi akiangalia rangi inayotambaa kwenye sehemu iliyosuguliwa: rangi ya nyasi kavu kwa kisu, kahawia kwa mundu, na karibu na buluu kwa panga ambalo litagonga visiki. Mafundi wengi wa nyumbani huiruka hatua hii ya pili. Panga lao linapovunjika, mteja hasemi kwamba halikupashwa tena. Anasema tu kwamba vitu vya kienyeji havifai.

Sasa hesabu. Bei zinazofuata ni za mfano, kila fundi aweke zake. Tuseme mafundi wawili wanawasha moto kwa siku nzima na kutoa miundu 10. Mkaa Sh8,000, chuma Sh12,000, mipini Sh6,000, tupa na msasa vilivyolika Sh4,000, ujira wa msaidizi Sh10,000 na ujira wa fundi mwenyewe Sh15,000. Jumla Sh55,000, yaani kila mundu umegharimu Sh5,500. Gulioni mundu wa kutoka nje unauzwa, tuseme, Sh4,000. Fundi naye anauza Sh4,000 ili asiachwe na wateja, na jioni ana Sh40,000.

Akitoa mkaa, chuma, mipini na msaidizi, mkononi zinabaki Sh4,000, naye anaziita faida. Kwa kweli amefua siku nzima kwa Sh4,000 na tupa yake imekula ukingo bila kulipwa. Amepoteza Sh15,000 bila kujua. Siku tupa itakapoisha kabisa atakopa ili anunue nyingine, na msimu ujao mvukuto utakuwa umewekwa stoo. Vijana kadhaa huacha kazi hii wakisema haina soko, kumbe soko lilikuwapo na wao ndio waliokuwa wakilifadhili.

Moto ule ule ungeweza kufanya kazi nyingine. Tuseme siku hiyo angepokea zana 25 za wateja, majembe yaliyolika, mapanga yaliyopinda, miundu iliyolala makali, azinyooshe, avute ukingo upya na kuzitia maji kwa Sh1,500 kila moja. Anapata Sh37,500. Hakununua chuma wala mipini. Akitoa mkaa, tupa na msaidizi, jumla Sh22,000, zinabaki Sh15,500: ujira wake wote umetoka na Sh500 juu. Si utajiri. Lakini amelipwa, na wateja 25 wamejua mlango wake, na mmoja wao ataagiza kisu cha kuchinjia ambacho duka la gulioni halina. Kitu cha kuagizwa ndicho chenye bei ya fundi mwenyewe, maana hakuna cha kukilinganisha nacho.

Ikumbukwe kwamba zana 25 hazipatikani kila siku. Jiko la uhunzi linakula mkaa ule ule likiwa na kipande kimoja au vitano, kwa hiyo kuwasha kwa ajili ya panga moja ni kuchoma fedha. Afadhali kutangaza siku moja ya moto kwa wiki, siku ya gulio ikiwezekana, na siku nyingine kuchonga mipini. Mkaa wenyewe ununuliwe kihalali. Kuanzia mwaka 2012 vijiji kadhaa vya Kilosa, kikiwamo Ulaya Mbuyuni, viliingia katika mradi wa TFCG na MJUMITA wa kuvuna mkaa kwa utaratibu kutoka misitu ya vijiji, na ushuru ukabaki kijijini. Mhunzi anayenunua huko ana risiti, na risiti ni mwanzo wa daftari.

Kuna bidhaa moja inayolipa ambayo inahitaji tahadhari, nayo ni sime. Wilaya hii ilizika watu 38 baada ya mapigano ya wafugaji na wakulima Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000. Fundi anayeanza ana kazi ya kutosha katika zana za shamba na jikoni. Akikubali kufua sime, aandike mteja ni nani na anatoka wapi.

Wanaoweza kusaidia hawako mbali. VETA wana chuo Mikumi, na SIDO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo hasa, lina ofisi Morogoro. Mafunzo ya wiki moja ya kutia maji chuma, yakiambatana na siku moja ya kukokotoa gharama, yangefaa kuliko cherehani nyingine iliyotolewa kwa kikundi kisichojua kushona. Vijana walio katika kikundi wanaweza pia kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na halmashauri inapopokea maombi hayo iangalie daftari la gharama kabla ya kuangalia picha za visu. Kitu cha kwanza kununua kwa mkopo huo kiwe feni ya mvukuto na fuawe zito. Mashine ya kung'arisha inaweza kusubiri.

Limebaki suala la malipo. Mwezi mmoja kabla ya mavuno, wakati zana zinahitajika zaidi, mkulima hana fedha. Fundi anayedai taslimu tu atafukuza nusu ya wateja, na anayekopesha bila kuandika atafilisika. Njia inayowezekana ni kulipwa mpunga: kazi sasa, mpunga baada ya kuvuna, kiasi kiandikwe siku ya kazi na pande zote mbili zisaini. Fundi mwenye mahali pakavu pa kuhifadhi anaweza kuusubirisha hadi bei ipande kutoka ile ya chini ya wakati wa mavuno. Asiye napo auuze mapema, kwa kuwa panya hawajui msimu. Na kipimo kiwe debe lililosawazishwa, bila lumbesa.