Kwa nini mashine ya sukari iwe bubu kwa asiyeona?

Nina jirani mtaani Umoja, hapa Nairobi, mama wa watoto wanne ambaye ugonjwa wa kisukari ulimnyang'anya macho yote mawili. Daktari alimwagiza apime sukari kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Mashine ya kupimia anayo, tena mpya. Hujidunga kidole mwenyewe, hupapasa mpaka tone la damu liguse ile karatasi ndogo, kisha husikia mlio mmoja mfupi. Jibu liko kwenye kioo, lakini yeye hawezi kulisoma. Hukaa na mashine mkononi akingoja mtoto apite kwenda shule ili amsomee.

Asubuhi moja mtoto wa darasa la kwanza alisoma 3.1 akasema ni 13. Mama akajidunga insulini, akidhani sukari imepanda, kumbe imeshuka na alistahili kula kitu kitamu mara moja. Tulimkuta sakafuni, jasho likimtiririka, hajui alipo. Alipona kwa bahati tu, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi.

Simlaumu mtoto. Namlaumu aliyeunda mashine hiyo.

Kisukari ni miongoni mwa magonjwa yanayopofusha watu wengi duniani. Sukari ikizidi kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Jambo hili si siri, na wanaotengeneza mashine za kupimia sukari wanalijua kuliko mimi na wewe. Hata hivyo, nyingi ya mashine zinazouzwa katika maduka yetu ya dawa huandika tu, hazisemi. Kalamu za insulini nazo ni vivyo hivyo. Karatasi za maelezo zinazofungwa pamoja na nyingi ya kalamu hizo huonya kwamba asiyeona asizitumie bila msaada wa mtu anayeona. Yaani mtengenezaji ameliona tatizo, akaliandika kwenye karatasi ambayo kipofu hawezi kuisoma, kisha akanawa mikono.

Si kweli kwamba ufundi haupo. Ng'ambo kuna mashine za sukari zinazotaja jibu kwa sauti, na zimekuwapo kwa miaka mingi. Hapa Nairobi wachuuzi wanauza kando ya barabara vitu vya kuchezea watoto vinavyoimba na kuhesabu. Ikiwa mwanasesere anaweza kuhesabu moja hadi kumi, mbona mashine ya hospitali ishindwe kusema "tatu nukta moja"?

Watengenezaji watajitetea kwamba soko ni dogo. Sensa yetu ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 330,000 wenye shida ya kuona. Waongeze wazee ambao macho yamefifia, wasiojua kusoma, na yeyote anayepima sukari usiku stima ikiwa imepotea. Hilo si soko dogo.

Kwa maoni yangu, kiini cha tatizo ni kwamba mara nyingi anayelipia chombo siye anayekitumia. Hununuliwa na serikali, hospitali au mfadhili. Kipofu hupewa na kuambiwa ashukuru. Mtu aliyepewa bure huona haya kulalamika, na mtengenezaji asiyelalamikiwa hana sababu ya kubadilisha chochote. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vyombo hivi vimeundwa na kununuliwa na watu wasiokilalia kitanda hicho.

Pale ambapo wasioona walikataa kunyamaza, mambo yalibadilika. Nchini Kanada, wateja vipofu walilalamika kwamba hawawezi kutumia mashine za kutolea pesa, na mwaka 1997 benki ya Royal Bank of Canada ikaweka mashine inayosema katika jiji la Ottawa. Huko Marekani, chama cha National Federation of the Blind kiliibana kampuni ya Apple, na mwaka 2008 ikakubali kurekebisha huduma yake ya iTunes ili wasioona waitumie. Mwaka uliofuata simu ya iPhone ilitoka ikiwa na sauti ya kusoma yaliyo kwenye kioo, bila mnunuzi kutozwa senti zaidi. Nchi za Muungano wa Ulaya nazo zilipitisha sheria mwaka 2004 kwamba jina la dawa lichapwe kwa maandishi ya Breli kwenye pakiti, ili asiyeona asimeze dawa asiyoijua.

Wengine hawakungoja. Vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh, waliunda NVDA, programu inayosoma kompyuta kwa sauti, kazi iliyoanza mwaka 2006. Hutolewa bila malipo. Walijua kinachotakiwa kwa sababu wao wenyewe ndio watumiaji.

Sisi Wakenya tuna silaha mbili. Ya kwanza ni Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika Kifungu cha 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vinavyotokana na hali yake. Ya pili ni mkoba. KEMSA na serikali za kaunti hununua vifaa vya hospitali kwa wingi. Siku zabuni ya mashine za sukari au za kupima shinikizo la damu itakapotangazwa, liongezwe sharti moja: baadhi yake ziseme, tena kwa Kiswahili pia. Na kabla ya kulipa, wasioona wenyewe wakabidhiwe mashine hizo wazijaribu bila kushikwa mkono. Wakishindwa, zirudishwe. Mtengenezaji asiyesikia kilio atasikia kupotea kwa zabuni.

Vyama vya wasioona navyo viache kupokea kila kitu kwa shukrani. Msaada usiofanya kazi si msaada, na kusema hivyo si utovu wa adabu.

Nawe msomaji, utakapokwenda kumnunulia mama yako au jirani yako mashine ya sukari, muulize mwenye duka kama anayo inayosema. Huenda atacheka. Muulize tena mwezi ujao, na mwambie mwenzako naye aulize. Mwenye duka akiulizwa mara kumi atamuuliza anayemletea bidhaa, na huyo atamuuliza mtengenezaji.

Jirani yangu bado yu hai, na bado hungoja mtoto apite kila asubuhi. Shule zikifungwa, sijui nani atamsomea.