Twende Naye Shuleni

Wazazi wa Kolwezi, wa Dilala na Manika, wa Kasulo, Musonoi, Kapata na Luilu, kila Septemba wenzao wanaporudi darasani, wako watoto wetu wanaobaki uani. Huyu hasikii vizuri, yule haoni ubaoni, mwingine anachelewa kushika anachofundishwa. Ninawaomba tuwapeleke.

Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na bure hiyo tulianza kuiona mwaka 2019. Mei 2022 ikatoka sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Kwa hiyo mkurugenzi akikwambia, “Mama, huyu hatumuwezi hapa,” usijifunge kitenge chako na kuondoka.

Walimu siwalaumu. Tangu bure ije, madarasa yamefurika, na mwalimu mmoja hawezi kumtambua kila anayekazana kusikia kutoka nyuma. Ndiyo sababu inabidi sisi tuseme. Kwanza mtoto apimwe macho na masikio hospitalini, maana wako wanaoitwa wajinga kumbe hawaoni. Kisha andika barua kwa mkurugenzi. Kama Kifaransa kinakusumbua, mwombe anayekijua akuandikie. Anza na yale mtoto anayoyaweza. Eleza kinachomshinda, halafu taja unachoomba: akae mbele, mwalimu amtazame usoni anaposema naye, aongezewe muda wa mtihani, aulizwe kwa mdomo kama mkono hauandiki. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji pesa. Kopi yako igongwe muhuri wa shule, uitunze. Wakinyamaza, ipeleke kwa mkaguzi.

Na mzazi anayepeleka barua hiyo asiende peke yake. Hapa nasema na ninyi ambao watoto wenu hawana shida yoyote. Mzazi aliyezoea kusikia kwamba mtoto wake ni mkosi huingia ofisini ameshashindwa. Akisindikizwa na jirani, na mjumbe wa komiti ya wazazi, na mchungaji wake, atasikilizwa kwa namna nyingine kabisa.

Yako pia mambo yanayohitaji pesa: mwalimu aliyesomea lugha ya alama, vifaa vya kusikia, vitabu vya nukta nundu, mteremko wa kiti cha magurudumu mlangoni. Pesa hizo zinapita mbele ya nyumba zetu kwenye malori ya shaba na kobalti. Sheria ya madini ya 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi, na asilimia 15 ya mrabaha inakwenda kwa serikali ya mahali mgodi ulipo. Jamii ndiyo inayokaa mezani kusema inataka nini. Tunaomba visima, tunaomba majengo ya shule, na ni sawa. Lakini jengo jipya ambalo mtoto kiziwi hana wa kumfundisha ndani yake limemwacha palepale. Wala mzazi wa Kolwezi asilazimike kumtenga mwanawe na nyumbani, kilomita 300 hivi hadi Lubumbashi, kwa kutafuta mwalimu.

Kama wewe ni mjumbe wa komiti ya wazazi, litie jambo hili kwenye mkutano wenu ujao, kabla majina ya wanafunzi hayajaanza kuandikwa. Ulizeni kila kartie: nani amebaki nyumbani, na nani atamsindikiza mzazi wake?