Simu iko mkononi, raha iko wapi? Kikwajuni kati ya baraza na stetasi

Ukipita Kikwajuni baada ya sala ya alasiri, baraza bado zina watu. Kahawa ipo, bao lipo, ubishi wa mpira upo. Kilichobadilika ni shingo: nusu ya waliokaa wameinama. Mmoja anacheka peke yake, mwengine anasukuma kidole juu ya kioo, na mzee aliyeanza kusimulia habari za mgonjwa anajikuta anausimulia ukuta.

Je, watu hawa wana raha zaidi kuliko waliokaa hapo miaka 20 iliyopita, au wamepungukiwa? Swali hili limefanyiwa utafiti mwingi Marekani na Ulaya, na majibu yake hayako wazi kama wanavyodai wanaoisifu mitandao na wanaoilaani. Ukilivusha hadi Ng'ambo ya Mji wa Unguja, linabadilika sura kabisa.

Waliolipwa waache Facebook

Jaribio linalotajwa sana ni la mwaka 2018. Wachumi wanne, Hunt Allcott, Luca Braghieri, Sarah Eichmeyer na Matthew Gentzkow, waliwalipa Wamarekani takriban dola 100 kila mmoja wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa bunge. Waliofunga walijikuta na kama saa moja ya ziada kila siku. Walikaa zaidi na familia na marafiki, walitazama televisheni zaidi, na walisema wanajisikia vizuri kuliko wenzao walioendelea kuperuzi.

Nafuu yenyewe lakini ilikuwa ndogo. Na habari za nchi yao walizijua kidogo zaidi.

Mwaka uliofuata, Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walipitia takwimu za vijana zaidi ya 350,000. Waliona kuwa matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza asilimia 0.4 tu, kwa juu kabisa, ya tofauti za hali ya vijana hao. Kwa kulinganisha, kula viazi mara kwa mara kulikuwa na uhusiano unaokaribiana na huo, na kuvaa miwani kulikuwa na uhusiano mbaya zaidi. Wanaotaka kutetea simu za watoto wao wanalipenda sana hili la viazi. Wanachosahau ni kwamba wastani humeza watu. Msichana mmoja anayechekwa na grupu zima la darasa lake haonekani ndani ya wastani wa vijana 350,000, ila nyumbani kwao anaonekana.

Jaribio jengine, la Bosnia, halitajwi sana huku kwetu, nalo ndilo linaloigusa Zanzibar kwa karibu zaidi. Julai 2019, wakati wa kumbukumbu ya mauaji ya Srebrenica, watafiti waliwaomba baadhi ya watumiaji wa Facebook waondoke kwa wiki moja. Walioondoka walijisikia vizuri kidogo, kama wale wa Marekani. Lakini mtazamo wao kuhusu watu wa makabila mengine ya nchi hiyo ulikuwa mbaya zaidi kuliko wa waliobaki, hasa kwa wale wanaoishi katikati ya watu wa kabila lao tu.

Maana yake si ngumu. Mtu akiacha simu anarudi kwenye mtaa wake, na mtaa una watu wa aina gani ndilo swali. Unguja mtu anaweza kujua baraza ni ya chama gani kabla ya kutoa salamu. Kwa anayekaa na wa upande wake asubuhi hadi usiku, simu inaweza kuwa ndiyo baraza pekee anayokutana na wa upande wa pili, hata kama wanakutana kwa kutupiana maneno.

Kanga ilikuwepo kabla ya stetasi

Wengi husema mitandao imeleta husda. Husda ilikuwepo. Mwanamke aliyekosana na jirani hakuwa na haja ya kutukana: alinunua kanga yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita mlangoni mara mbili. "Hasidi hana sababu" ilimfikia mlengwa bila ya mtu kutajwa, na aliyeulizwa alijibu kuwa kapenda rangi tu. Taarabu nayo ilifanya kazi hiyo hiyo. Mtu alinyanyuka kwenda kutunza kwenye ubeti unaomgusa mgomvi wake, na ukumbi mzima ukajua. Wanaume walikuwa na yao: ubao wa maskani ya Kisonge pale Michenzani, jirani na Kikwajuni, ulijulikana kwa maandishi yake ya kichokozi ya kisiasa wakati ambapo hakuna aliyekuwa na simu ya kioo.

Stetasi ya WhatsApp, basi, ni kanga iliyotiwa umeme. Fumbo ni lile lile. Ila kanga ilionwa na wa mtaani, na usiku ilivuliwa. Stetasi inaonwa na kila aliyemo kwenye namba za simu, kuanzia shoga mpaka mwalimu wa madrasa, na yeyote kati yao anaweza kudhani fumbo ni lake. Halafu programu yenyewe inamwonyesha mwenye stetasi nani kaiona. Hili la mwisho ndilo linalokosesha watu usingizi. Jirani wa zamani aliweza kujifanya hakuisoma kanga, na jambo likaisha hapo. Leo kutokuona ni jibu, kuona na kunyamaza ni jibu jengine, na mtu na dada yake wanaweza kununiana wiki nzima kwa sababu ya kitu ambacho hakikubonyezwa.

Harusi ndiyo mfano mkubwa zaidi. Zamani chumba cha bi harusi, vyombo na nguo zilionwa na walioalikwa, tena kwa jioni moja. Sasa anaviona hata asiyealikwa, amelala kitandani saa tano usiku, na anavilinganisha na harusi yake ambayo deni lake bado halijalipwa. Aliyeposti haonyeshi deni. Huo ndio ulinganishaji ambao watafiti wanauzungumza sana wanapoeleza kwa nini mitandao inapunguza furaha: mtu anayapima maisha yake yote, pamoja na jikoni na madeni, kwa dakika mbili bora za mwenzake.

Lakini Waswahili hawakusubiri wataalamu. Katika baadhi ya harusi za wanawake simu hukusanywa mlangoni, au mtu hukatazwa kabisa kupiga picha ndani. Sababu inayotolewa ni stara, wanawake wamevua mabaibui na hawataki picha zao zizagae. Faida nyengine haitajwi: ndani ya ukumbi huo watu wanacheza bila ya kufikiria wanavyoonekana. Wanaotunga sheria za mitandao huko Brussels na Canberra wangejifunza kitu kwa kusimama nje ya mlango huo.

Siku intaneti ilipozimwa

Wazanzibari wana uzoefu wa kuzimiwa. Unguja ilikaa bila umeme kama mwezi mmoja mwaka 2008, kisha karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, na watu walijua nani ana jenereta na nani anachaji simu kwa bei gani. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilianguka dunia nzima kwa takriban saa sita. Kwa saa za hapa ilikuwa tangu baada ya magharibi hadi usiku mkubwa, yaani wakati ule ule ambao baraza na simu hugombania watu. Ilikuwa kero ya jioni moja, na kwa wengine mapumziko.

Oktoba 2025 ilikuwa jambo jengine. Tarehe 29, siku ya uchaguzi mkuu, shirika la NetBlocks liliripoti kukatika kwa intaneti nchi nzima, na huduma ilianza kurudi kwa kusuasua tarehe 3 Novemba. Mtandao wa X ulikuwa umeshafungwa tangu Mei mwaka huo.

Kama nadharia ya "zima simu upate raha" ingekuwa kweli kwa kila hali, hiyo ingekuwa wiki ya raha. Lakini Dar es Salaam kulikuwa na vurugu, watu waliuawa, na amri ya kutotoka nje usiku ilitangazwa. Ni nyumba chache Kikwajuni zisizo na mtu wao Dar, awe mwanafunzi, mfanyabiashara wa Kariakoo au binti aliyeolewa huko. Kukosa intaneti kulimaanisha kukaa na uvumi. Habari ilitembea kwa mdomo, na mdomo ukiwa na hofu huongeza chumvi. Kwa jamaa walioko Muscat, Dubai na London hali ilikuwa mbaya kuliko hivyo, maana wao hata uvumi hawakuupata. Huduma iliporudi, watumiaji wa simu walipokea ujumbe mfupi unaowaonya wasisambaze picha na video za kuleta taharuki. Watu walikuwa wameipata simu yao, lakini wengine waliogopa kuifungua.

Wamarekani wa mwaka 2018 walichagua wenyewe kuondoka, wakalipwa, na walijua kuwa dunia yao iko salama na dada yao anapatikana kwa simu ya kawaida. Mtu aliyezimiwa hana hata kimoja kati ya hivyo. Kupumzika na kunyimwa ni vitu viwili, hata kama kwa mtazamaji wa mbali vyote vinaonekana kama simu iliyowekwa mezani.

Mama yuko Kikwajuni, mtoto yuko Muscat

Jambo hili tafiti za Marekani haziligusi. Tangu mwaka 1964 familia nyingi za Unguja zimegawanyika kati ya kisiwa, Oman, Imarati na Uingereza. Kwa miaka mingi uhusiano ulikuwa barua zinazochukua wiki na simu ya ng'ambo inayopigwa kwa kuhesabu dakika. Leo bibi asiyejua kusoma anabonyeza alama ya kipaza sauti na kumtumia mjukuu sauti ya dakika nne, nusu yake dua. Msiba ukitokea saa kumi alfajiri, grupu la ukoo linajua kabla ya adhana, na aliye mbali anayafuata mazishi kwa video.

Kumwambia bibi huyu kuwa mitandao inapunguza furaha ni kumkosea adabu. Yeye haperuzi. Hajilinganishi na mtu. Kwake simu ni mlango wa chumba cha pili cha nyumba yake, ambacho kwa bahati kiko Arabuni.

Kijana wa juu yake, kwenye ghorofa hizo hizo zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki miaka ya 1960, ana simu ya aina ile ile na maisha tofauti. Anaangalia TikTok mpaka saa nane usiku, anaamka amechoka, na anayoyaona ni magari na safari za watu asiowajua. Mwenye shida ya moyo au mawazo hana pengine pa kusemea. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu haiko mbali, ila jina lake limegeuzwa mzaha mitaani, kama Mirembe ya Dodoma, na nani atataka kuonekana akiingia pale? Basi anaandika "nimechoka" kwenye stetasi saa saba usiku. Wenzake wanaweka emoji ya kilio na kuendelea na lao. Mara moja moja mmoja anapiga simu, na hapo mtandao huwa umefanya kazi ambayo baraza isingeiweza, maana barazani "nimechoka" hujibiwa kwa utani.

Australia imechagua njia ya sheria: tangu tarehe 10 Disemba 2025 kampuni za mitandao mikubwa zinatakiwa kuzuia akaunti za walio chini ya miaka 16. Huenda ikafaa kwao, ambako mtoto ana simu yake na akaunti yake. Kikwajuni mtoto wa miaka minane anaangalia YouTube kwa simu ya mama, kwa akaunti ya mama, wakati mama anapika. Sheria ya akaunti haimgusi. Kinachomgusa ni kama mama atapata mtu mwengine wa kumuangalia kwa nusu saa hiyo, na zamani mtu huyo alikuwa ni jirani.

Kuna kipindi kimoja ambacho kisiwa hujifanyia jaribio lake bila ya mchumi wala dola 100. Kila Ramadhani wapo wanaotangaza kuwa wanaondoka kwenye stetasi na TikTok mpaka Idi. Wengine huvunja siku ya tatu, wengine hufika. Usiku wa Idi picha hurudi zote kwa mpigo: nguo mpya, hina, watoto wamepangwa kwa kimo. Alasiri yake ni viwanja vya Mnazi Mmoja, na hapo mtu anaweza kuona watoto watatu wa nyumba moja wamesimama wima huku aiskrimu inayeyuka mkononi, wakisubiri kaka yao apate picha isiyo na kivuli.