Baiskeli ya Baba Mkwe na Kiingereza cha Mama Neema

Leo nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana kila mwezi nawasema wengine tu.

Mama Neema alikuwa anajiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza unaodaiwa na vyuo vingi vya ng'ambo. Chuo kimoja cha Uingereza kilishamkubali, kilichobaki ni alama. Kusoma na kuandika yuko fiti, shida ni kuongea. Basi mie nikajipa ualimu. Kila jioni baada ya chakula, mimi mtahini, yeye mtahiniwa.

Siku moja nikamtupia swali jepesi: utotoni ulijifunza kuendesha baiskeli? Akajibu, "No, I didn't drive a bicycle." Nikamkatiza hapo hapo: baiskeli haisemwi "drive", ni "ride"! Akaanza upya, nikamkatiza tena, safari hii matamshi. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Baba Neema, wewe ni mume wangu au mwalimu wangu wa darasa la saba?" Akaenda kulala. Siku tatu hakuna mazoezi, hata salamu zilikuwa za kuhesabu.

Siku ya nne, tukiwa mezani, nikamuuliza kwa Kiswahili kwa nini hakujifunza. Lo! Maneno yakamwagika. Baba yake alikuwa na Phoenix nyeusi, akimpeleka nayo shule kule Shinyanga, yeye amekaa nyuma kwenye keria. Siku moja mguu ukaingia kwenye spoku. Toka hapo mama yake akapiga marufuku binti kugusa baiskeli. Aliongea dakika kumi bila kituo. Nikajiona mjinga: mwezi mzima nasahihisha sentensi za mtu ambaye sijamsikiliza.

Kumbe hata mtihani wenyewe unataka hivyo. Sehemu ya kuongea inachukua dakika 11 hadi 14. Mtahini hajali kama unapenda baiskeli au huipendi. Anapima mambo manne yenye uzito sawa: mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Sasa ukijibu "No" ukakaa kimya, atapima nini?

Tukabadili utaratibu. Jaribuni na nyie:

Kwanza, toa jibu, sababu, halafu kisa kifupi. "No, I never learned, because my mother was afraid. My foot once got caught in the wheel of my father's bicycle." Sentensi mbili tu, lakini zina mtu ndani yake.

Pili, ukipewa kadi ya mada una dakika 1 ya kujiandaa, kisha unaongea dakika 1 hadi 2. Andika maneno manne matano, siyo insha. Nyumbani jirekodi kwa simu, ujisikie mwenyewe.

Tatu, mwenzako asikukatize. Ukimaliza, atoe kosa moja tu. Leo iwe "ride", maana Kiswahili chetu kinaendesha gari na baiskeli kwa neno moja. Kesho iwe mkazo: sisi kwenye baiskeli tunakaza "ske", Waingereza wanakaza mwanzo wa "bicycle".

Nne, usikariri. Jibu la kukariri linajulikana haraka, na kadi yako inaweza kuja na habari za mvua. Wala usiogope msamiati. Breki, pedeli, pancha, tairi: yote hayo tuliyachukua kwenye Kiingereza, ni kuyarudisha tu.

Mama Neema alifanya mtihani wake na alama zikatosha. Juzi akaniuliza, kwa Kiingereza, lini nitamfundisha kuendesha baiskeli kabla hajaondoka. Kulikuwa na kosa moja katikati. Nikamwacha amalize, nikamjibu "Saturday".

Tukutane mwezi ujao. Na wewe unayemfundisha mwenzako usiku huu, msikilize kwanza.